Thomas Wakefield: Kutoka Ribe hadi Golbanti

Msafiri aendaye Lamu kwa barabara kutoka Malindi hupita Garsen, mji mdogo ulio kando ya mto Tana, na aghalabu hasimami hapo ila kwa kikombe cha chai. Si mbali na mji huo, ndani ya delta, kipo kijiji cha Golbanti. Leo jina hilo halijulikani sana nje ya kaunti ya Tana River, lakini mnamo mwaka wa 1886 lilitajwa kwa majonzi katika makanisa mengi ya Uingereza. Kijiji hicho ndicho kilichokuwa kikomo cha ndoto ya mtu mmoja ambaye aliitafuta njia ya kukifikia kwa zaidi ya miaka 20, na ambaye alipokifikia hakudumu nacho. Mtu huyo ni Thomas Wakefield.

Wakefield alizaliwa katika mji wa Derby, Uingereza, mwaka wa 1836. Alikuwa muumini wa dhehebu dogo la Kimethodisti lililoundwa mwaka wa 1857 kwa kuunganisha makundi yaliyokuwa yamejitenga na Wamethodisti wa Wesley. Dhehebu hilo, lililojulikana kama Muungano wa Makanisa Huru ya Kimethodisti, halikuwa na fedha nyingi wala uzoefu mkubwa wa kazi ya ng'ambo. Lilikuwa na wamishenari wake Sierra Leone tangu mwaka wa 1859, lakini Afrika ya Mashariki halikuijua kabisa. Lililolileta upande huu wa bara ni kitabu.

Mwaka wa 1860 masimulizi ya safari za Johann Ludwig Krapf yalichapishwa kwa Kiingereza. Charles Cheetham, mfanyabiashara wa Heywood aliyekuwa mweka hazina wa kazi ya dhehebu hilo ng'ambo, aliyasoma akavutiwa mno, akamwandikia Krapf kumwomba ushauri. Krapf wakati huo alikuwa amerudi Ujerumani, afya yake imedhoofika, lakini moyo wake haukuwa umetoka Mombasa. Aliwajibu wenzake hawa wapya kwa kuwapa lengo lililokuwa lake mwenyewe tangu ujana: Wagalla.

Jina hilo linahitaji maelezo. Galla ni jina ambalo wageni na majirani waliwaita Waoromo, na wenyewe hawakulipenda. Wale wa mto Tana siku hizi hujiita Waorma, na ndivyo watakavyoitwa hapa. Krapf aliwafahamu kwanza huko Shewa, Ethiopia, alikoishi mwishoni mwa miaka ya 1830. Alipozuiwa kurudi huko, alishuka pwani, akafika Mombasa mwaka wa 1844 kwa nia ya kuwafikia kutoka kusini. Alishawishika kwamba taifa hili kubwa la wafugaji, lililoenea kutoka nyanda za juu za Ethiopia hadi karibu na mto Sabaki, likiipokea Injili litaieneza Afrika nzima. Hata alilifananisha na Wajerumani na nafasi yao katika Ulaya. Ilikuwa nadharia kubwa iliyojengwa juu ya ujuzi mdogo. Krapf hakuwahi kupata kituo hata kimoja kwa Waorma. Alibaki Rabai, miongoni mwa Wamijikenda, akifanya ile kazi ya sarufi na kamusi ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huikuta katika kurasa za mwanzo za historia ya taaluma hii.

Basi mwaka wa 1861 Krapf, mwenye umri wa miaka 51, alikubali kuwaongoza vijana wanne hadi pwani: Waingereza wawili, Wakefield na James Woolner, na Waswisi wawili. Walifika Unguja mwanzoni mwa mwaka wa 1862. Kabla ya mwaka huo kwisha kundi lilikuwa limesambaratika. Waswisi walijiondoa. Woolner aliugua akarudishwa kwao. Krapf naye, baada ya kuwatafutia mahali pa kuanzia huko Ribe, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, alishindwa na maradhi akarejea Ulaya. Wakefield akabaki peke yake, kijana wa miaka 26, katika nchi ambayo alikuwa bado anaijifunza lugha yake, akiwa na agizo la kuwafikia watu walioishi mbali na hapo alipokuwa.

Ribe, kwa hiyo, haikukusudiwa kuwa makao. Ilikuwa kizingiti tu. Hili ni jambo la kuzingatiwa na yeyote anayesoma historia ya Umethodisti nchini Kenya, kwa maana kanisa lililokuja kuwa kubwa lilianza mahali ambapo waanzilishi wake walipaona kama pa kupumzikia tu.

Mwaka wa 1863 alijiunga naye Charles New, mtu wa tabia tofauti, mwepesi wa kusafiri na kuandika. Mwaka uliofuata alitumwa wa tatu, Edmund Butterworth, ambaye alifariki muda mfupi baada ya kuwasili. Wakefield na New walijenga, wakafundisha watoto, wakahubiri Jumapili, na mavuno yakawa haba. Waribe walikuwa na kaya yao, wazee wao na maombi yao. Hawakuona haja ya kuharakisha kuacha waliyoyarithi kwa sababu ya wageni wawili waliokuwa wakiugua homa mara kwa mara. Walipokea dawa, walipokea kazi za ujira, wakasikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao.

Mwaka wa 1865 Wakefield na New walifunga safari ya kuelekea kaskazini kuwaona Waorma. Habari za safari hiyo Wakefield alizitoa katika kijitabu kilichochapishwa London mwaka wa 1866. Waliwaona waliowatafuta, lakini kituo hawakukipata. Isitoshe, wakati haukuwa mzuri kwa Waorma wenyewe. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860 Wasomali waliovuka mto Juba waliwashambulia vikali, wakawanyang'anya mifugo na malisho, na wengi wakauawa au wakachukuliwa mateka. Kutoka upande wa magharibi Wamaasai nao waliwaandama. Taifa ambalo Krapf aliliona kuwa lingeigeuza Afrika lilikuwa likipunguka mbele ya macho ya wale waliotumwa kulifikia. Mabaki yake yalijikusanya karibu na mto Tana, yakiishi jirani na Wapokomo, wakulima wa kandokando ya mto, ambao kwa muda mrefu walikuwa chini ya nguvu za wafugaji hao.

Kwa kuwa njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa, Wakefield aligeukia kazi nyingine ambayo haikuwa katika agizo lake. Alianza kuwasikiliza watu wa misafara.

Mombasa, Tanga na Pangani zilikuwa zikituma misafara bara kila mwaka kutafuta pembe za ndovu. Viongozi wa misafara hiyo walizijua njia za Umaasai hadi Baringo na hadi ziwani, siku kwa siku, kituo kwa kituo. Walijua palipo na maji na pasipo na maji, walijua mito ya kuvuka, milima ya kushika kama alama, watu wa kuwalipa hongo na watu wa kuwakwepa. Elimu hii yote ilikuwa vichwani, na ilisimuliwa kwa Kiswahili. Wazungu wengi walioishi pwani waliidharau kama porojo za wafanyabiashara. Wakefield aliichukulia kwa uzito. Alimpata Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara aliyeizunguka nchi hiyo kwa miaka mingi, akaketi naye, akamwuliza na kuandika: leo mlilala wapi, kesho mlifika wapi, jina la mahali hapo ni nani na maana yake ni nini, ni mwendo wa saa ngapi.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1870 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, pamoja na ramani. Kwa mara ya kwanza wasomi wa Ulaya walipata picha ya nchi iliyo kati ya pwani na Ziwa Nyanza kwa njia ya Umaasai, miaka 13 kabla ya Mzungu kuipita njia hiyo hadi ziwani. Maelezo hayo hayakukosa utata. Ziwa lililoitwa humo Bahari ya Ukara lilionekana kuwa tofauti na lile ambalo Speke aliliona kutoka kusini, na mabishano yakazuka kama Nyanza ni ziwa moja au ni kadhaa. Stanley ndiye aliyeyamaliza mwaka wa 1875 alipolizunguka kwa mashua. Hata hivyo, kosa hilo halikuwa la Sadi. Msafiri huliita ziwa kwa jina la nchi iliyo ufukweni alipofikia. Aliyegawa maji hayo kuwa maziwa mengi ni mchora ramani aliyeketi mezani London. Wakefield alirudi tena kwenye kazi hii, na maelezo zaidi ya njia za Umaasai yakatolewa mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Hapa inafaa kusemwa jambo ambalo vitabu vya jiografia hulipita haraka. Ujuzi ule ulikuwa wa Sadi na wenzake. Wakefield alitaja jina la aliyemweleza, jambo ambalo halikuwa desturi ya watafiti wote wa zama zake, na kwa sababu hiyo Sadi bin Ahedi anajulikana leo. Sadi aliandamana na New katika safari za Kilimanjaro, na mwaka wa 1883 alikuwamo katika msafara wa Joseph Thomson uliopita Umaasai. Thomson hakumpenda, na katika kitabu chake alimsawiri vibaya. Msomaji anayeshika kitabu cha Thomson mkono mmoja na maelezo ya Wakefield mkono wa pili hukutana na watu wawili tofauti wenye jina moja. Katika cha kwanza yumo mtumishi msumbufu. Katika cha pili yumo mwalimu.

Nyumbani kwa Wakefield mambo yalikwenda kwa furaha fupi na misiba mirefu. Alipokuwa mapumzikoni Uingereza alimwoa Rebecca Brewin, na mwaka wa 1870 wakaja pamoja, wakakaa Unguja kwa muda kabla ya kuhamia Ribe. Rebecca aliwaandikia ndugu zake barua nyingi zenye kueleza maisha ya kila siku ya kituoni, na barua hizo ni miongoni mwa maandishi machache yanayoionyesha Ribe ya wakati huo kwa jicho la mwanamke. Alifariki mwaka wa 1873, akazikwa huko huko Ribe. Kaka yake, Robert Brewin, alizikusanya habari zake katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1876.

Miezi kumi na minane baada ya msiba huo, mnamo Februari 1875, Charles New naye alifariki. Mwaka wa 1871 alikuwa Mzungu wa kwanza kufika kwenye theluji ya Kilimanjaro. Safari ya pili ilimwendea mrama: Mandara wa Moshi alimnyang'anya mali, naye akafa njiani akiwa anarudi pwani. Kwa mara ya pili tangu afike, Wakefield alibaki na Ribe mikononi mwake.

Miaka iliyofuata ilileta watu wa aina mpya vituoni. Mkataba wa mwaka wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na mwaka wa 1875 Waanglikana walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea waliookolewa majahazini. Lakini utumwa wenyewe ulibaki halali mashambani, na watoro kutoka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, Ribe na Jomvu. Walikuja watu waliotengwa na koo zao, wenye asili ya Unyasa, Uyao na kwingineko, ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Ni hawa, kuliko Waribe wenyewe, waliojaza madarasa na viti vya kanisa. Wenye mashamba walikasirika, na mara kadhaa palikaribia kumwagika damu. Suala hilo halikutulizwa hadi baada ya Wakefield kuondoka, pale Kampuni ya Kiingereza ilipolipa fidia kwa watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni, mwanzoni mwa mwaka wa 1889.

Kwa upande wa elimu ya wahubiri, Wamethodisti walikuwa nyuma ya wenzao. Waanglikana wa Unguja walikuwa na chuo chao Kiungani, walikofunzwa vijana waliokuja kuwa walimu na makasisi. Wale wa Mombasa walikuwa na Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, kama William Jones na George David. Wakefield hakuwa na chuo. Aliwafunza wasaidizi wake kwa namna ambayo fundi humfunza mwanagenzi, kwa kukaa naye na kumpa kazi. Njia hiyo ilizaa watu waaminifu, lakini wachache. Pengo lililobaki dhehebu lake lilijaribu kuliziba kwa kumleta mhubiri Mwafrika kutoka Sierra Leone, W. H. During, aliyetumikia pwani na baadaye Golbanti. Shule ya uchungaji haikupatikana Mombasa hadi mwaka wa 1903, ilipofunguliwa na Waanglikana huko Freretown. Hiyo ndiyo iliyohamia Limuru mwaka wa 1930, ambako Wamethodisti walikuja kushirikiana nayo baadaye, na mwaka wa 2007 ikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Ndoto ya Waorma haikufa. Kati ya mwaka wa 1884 na wa 1885, Wakefield akikaribia umri wa miaka 50, kituo kilianzishwa hatimaye Golbanti. Waorma waliokikubali hawakuwa tena wale mabwana wa nyika aliokwenda kuwaona mwaka wa 1865. Walikuwa jamii iliyopoteza sehemu kubwa ya mifugo na watu wake, na si vigumu kudhani kuwa walitarajia kutoka kwa wageni hao jambo zaidi ya mahubiri. Mzungu aliyejulikana na konseli wa Unguja angeweza kuonekana kuwa ngao. Wamishenari kwa upande wao waliona mlango umefunguliwa. Kila upande ulimwelewa mwenzake nusu.

Waliowekwa kukiendesha kituo ni John Houghton na mkewe Annie. Kwa jirani wa Wapokomo, ambao mitumbwi yao ilikuwa ndiyo usafiri pekee wa kutegemewa wakati wa mafuriko, familia hiyo ilianza kujenga na kujifunza. Hawakupewa muda. Tarehe 3 Mei 1886 kikosi cha Wamaasai kilikuja kutafuta ng'ombe wa Waorma. Houghton na mkewe waliuawa pamoja na watu wengine wa kituo.

Robert Brewin, yule yule aliyeandika habari za dada yake Rebecca, aliandika pia habari za akina Houghton, akawaita wafia dini. Istilahi hiyo inaeleweka kwa waumini waliokuwa wakiomboleza, hasa kwa kuwa miezi michache tu ilikuwa imepita tangu Askofu Hannington auawe Busoga. Lakini Wamaasai wale hawakuja kwa ajili ya dini. Walikuja kwa ajili ya ng'ombe, na kituo kilikuwa kimejengwa hasa pale penye ng'ombe. Kugombea malisho na maji kwenye ukingo wa Tana kulikuwako kabla ya misheni, na kungali kunaleta maafa. Mapigano ya mwaka wa 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu mia moja katika delta hiyo hiyo.

Wakefield ndiye aliyekuwa amewashawishi viongozi wa dhehebu lake, kwa zaidi ya miongo miwili, kwamba kazi ya Waorma isiachwe. Haiwezekani kwamba vifo vya Golbanti havikumlemea. Mwaka wa 1887 aliondoka Afrika ya Mashariki, na hakurudi tena kuishi huku.

Golbanti haikufungwa. During alikiendeleza kituo, Mwafrika wa magharibi akiwahudumia Waorma na Wapokomo wa mashariki katika eneo ambalo sasa lilikuwa limekuwa mpaka wa madola. Kwa mapatano ya mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeufanya mto Tana ukomo wa eneo la Waingereza, na Witu, upande wa pili, ikawa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mwaka wa 1887 wamishenari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walifika, wakaanza kazi Ngao, jirani kabisa na Golbanti. Hao hawakuelekeza macho kwa Waorma. Waliwaelekea Wapokomo. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliichunguza lugha ya Kipokomo kwa bidii, akatoa msamiati wake mwaka wa 1895 na sarufi yake mwaka wa 1896, kazi ambazo wanaisimu wa lugha za pwani huzirejelea mpaka leo. Kanisa lililomea kwenye mto Tana lilimea zaidi kwa wakulima, ambao Krapf hakuwa amewapa nafasi kubwa katika mipango yake, kuliko kwa wafugaji waliotafutwa kwa miaka 40. Waorma walio wengi waliupokea Uislamu.

Huko Uingereza Wakefield aliheshimiwa. Mwaka wa 1888 alichaguliwa kuwa rais wa mkutano mkuu wa dhehebu lake, cheo ambacho mtu wa kimya wa Ribe hakuwa amekitafuta. Alifariki Southport mwaka wa 1901. Mnamo Desemba mwaka huo huo reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa Nyanza, ikiwa imekata nchi ambayo vituo vyake Sadi bin Ahedi alivihesabu kimoja kimoja, usiku hadi usiku, mbele ya mwandishi wake. Mwaka wa 1904 mke wa pili wa Wakefield alichapisha wasifu wake, na katika jina la kitabu alimtaja mumewe kwa kazi mbili: umishenari na jiografia.